Uzi: Mwezi ukipatwa karibu na nyota kubwa, tuusome kutoka Kisumu

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Wadau, salaam.

Jumapili ya 7 Septemba 2025 usiku nilikuwa ufuoni Dunga, leso begani, nangoja mwezi upatwe. Mawingu yalikuwa yamelala upande wa milima ya Nandi, lakini mwezi ulikuwa umeshayapita. Saa mbili na nusu ukaingia wote kivulini, mwekundu kama chungu kinachotoka motoni, na ukakaa hivyo dakika 82. Giza lilipokolea, nyota zilizokuwa zimemezwa na mbalamwezi zikaanza kurudi. Moja ilinishika macho. Ilikuwa mkono wangu wa kulia, chini kidogo ya mwezi, nyeupe, peke yake, haina jirani. Nikanyoosha mkono nikaipima kutoka mwezini: shubiri moja na kidogo.

Ile ni Fomalhaut. Jina lake ni Kiarabu, fam al-hut, mdomo wa samaki. Nilikuwa nimesimama kati ya mashua na nyavu za omena, na juu ya ziwa mwezi umepatwa, na pembeni yake Mdomo wa Samaki.

Asubuhi simu ilijaa jumbe za unajimu. Nyingine zilisema kupatwa kule hakukuwa na nyota yoyote kubwa. Nyingine zilitaja nyota ambazo hazikuwa hata upande ule wa anga. Hakuna hata ujumbe mmoja uliotaja Fomalhaut. Jambo hili limenikaa rohoni tangu siku ile, ndiyo maana nafungua uzi.

Kwa wageni wa mambo haya: wanajimu husema mwezi ukizaliwa au ukipatwa karibu na nyota kubwa, nyota ile hukipa kipindi kile tabia yake. Jua na mwezi hutembea. Nyota zile zimetulia, husogea digrii 1 tu kwa miaka 72 hivi. Nne kati yake huitwa nyota za kifalme za Uajemi: Aldebaran ambayo ni jicho la Ng'ombe, Regulus moyo wa Simba, Antares moyo wa Nge, na hii Fomalhaut. Kila moja ina heshima yake na sharti lake. Aldebaran hupandisha mwadilifu na kumwangusha anayepunja. Regulus hutoa cheo, kisha humpokonya mwenye kisasi. Antares ni ujasiri, na hatari yake ni kupita kiasi. Fomalhaut ni nyota ya ndoto kubwa, ya ushairi na wito, ya mtu anayeona jambo kabla wenzake hawajaliona. Sharti lake ni nia safi. Ukitia ulaghai kidogo tu, ulichojenga hubomoka mbele za watu.

Sasa tatizo langu. Wengi hupima ukaribu kwa digrii za njia ya jua peke yake, yaani ile duara ya buruji 12 (Samaki, Ng'ombe na nyingine) za digrii 30 kila moja, wakizisoma kwenye jedwali. Usiku ule mwezi ulikuwa digrii 15 za Samaki, na Fomalhaut iko digrii 4 za Samaki. Tofauti ni 11. Mimi mwenyewe sihesabu nyota iliyozidi digrii 1, nikilegeza sana ni 2. Kwa hiyo kwa jedwali, Fomalhaut haikuwemo, na waliokaa kimya walikuwa sahihi kwa jedwali lao.

Lakini Fomalhaut haikai juu ya njia ya jua. Iko kusini yake kwa digrii zaidi ya 20. Ile "digrii 4" ni kama anwani ya posta ya mtu anayeishi mbali na posta. Na sisi hapa tuna kitu ambacho watu wa London hawana. Kisumu iko karibu juu ya ikweta yenyewe, na kwenye ikweta nyota hupanda wima na kushuka wima. Nyota mbili zikichomoza pamoja hapa, zitafika kilele pamoja na zitazama pamoja, hata kama moja iko kaskazini na nyingine kusini kabisa. Ukienda mbali na ikweta, zinazochomoza pamoja huachana njiani.

Jioni ile mwezi na Fomalhaut vilichomoza vikipishana dakika chache tu, vikapanda usiku kucha kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Wanajimu wa kale walikuwa na hesabu hii, ya nyota inayochomoza, kufika kilele au kuzama wakati mmoja na jua au mwezi. Siizui mimi. Ninachodai ni kwamba mtu wa Kisumu, Siaya au Nakuru aanze na kinachochomoza pamoja, digrii za jedwali zifuate. Anga letu linaturuhusu kuona kwa macho kile ambacho wengine wanakipiga hesabu.

Mdau wa Nakuru

Dada, umenigusa pabaya. Baada ya kupatwa kule kuna mtu mtandaoni aliniandikia kwamba mwezi umepatwa juu ya Algol, nyota ya kukatwa kichwa, na kwamba biashara yangu ya mitumba itaanguka kabla ya Desemba. Akataka shilingi 3,500 za kinga. Nililipa. Sikulala siku nne. Niambie ukweli, Algol ilikuwepo?

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Pole sana dadangu. Haikuwepo.

Algol iko digrii 26 za Ng'ombe. Mwezi ulikuwa digrii 15 za Samaki. Kati yake kuna digrii 71, karibu robo nzima ya mzunguko. Na kwa hesabu yangu ya kuchomoza pia haikuwemo, kwa sababu mwezi uliingia kivulini mapema usiku na Algol ilikuwa bado haijachomoza kabisa. Huyo alichukua jina la kutisha akakuuzia.

Hebu nikueleze kuhusu Algol yenyewe, maana naipenda na inasingiziwa sana. Ni ras al-ghul, kichwa cha zimwi. Maana yake katika unajimu ni hasira inayompotezea mtu akili, na mambo ya shingo na kichwa. Lakini kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, Algol hufifia mbele ya macho yako kwa saa kadhaa kisha inarudi. Kijana mmoja Mwingereza, John Goodricke, kiziwi, alikuwa na miaka 18 tu mwaka 1783 alipopendekeza kwamba kuna kitu chenye giza kinachopita mbele yake. Ni kweli: ni nyota mbili zinazozungukana, iliyofifia inaifunika iliyong'aa. Kwa maneno mengine Algol ni nyota inayopatwa, mara mbili au tatu kila wiki, tangu kabla ya sisi kuwepo. Ukiona mtu anakutisha kwa Algol, muulize leo imefifia au imewaka. Anayeitazama atajua.

Kama unataka mfano wa kweli, ni kupatwa kwa mwezi kwa 19 Novemba 2021. Mwezi ulikuwa digrii 27 za Ng'ombe, chini ya digrii 1 kutoka Algol kwa jedwali. Hapo mnajimu ana haki ya kuitaja.

Pakua Stellarium, programu ya kuonyesha anga, weka mahali pawe Nakuru, weka tarehe na saa, utajionea. Ni bure. Na tafadhali mtu yeyote akikudai pesa ya kinga dhidi ya nyota, njoo hapa kwanza.

Mdau wa Mumias

Assalaam aleikum dada. Nimesoma yote kwa utulivu. Nauliza tu, hii haigongani na dini? Mtume, rehema na amani zimshukie, siku jua lilipopatwa ndipo mwanawe Ibrahim alipofariki, na watu wakaanza kusema jua limepatwa kwa ajili ya kifo kile. Akawakataza. Akasema jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Sisi tunasali, basi.

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Waaleikum salaam kaka. Nashukuru umelileta kwa upole, na hadithi hiyo naijua na naiheshimu. Usiku ule kabla sijaenda Dunga nilikuwa nimeshapanga kusali, na mwezi ulipoanza kuliwa nilisali pale pale mchangani.

Sitabiri kifo cha mtu wala kuzaliwa kwake. Sijawahi, na nikimwona anayefanya hivyo namkatalia. Nakichukulia kipindi cha kupatwa kama wakati wa kujikagua, na nyota iliyo karibu hunionyesha nijikague wapi. Nitatoa mfano wangu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wawili. Fomalhaut sharti lake ni nia safi, basi Oktoba nikaviweka vitabu vyote mezani nipitie mstari kwa mstari. Nikakuta shilingi 4,200 hazina risiti. Kosa lilikuwa langu: nilizitoa siku ya msiba wa mwenzetu, sikuandika. Nikasimama mbele ya wenzangu nikasema, nikalipa. Najua wapo watakaosema ningeweza kukagua bila nyota. Ni kweli ningeweza. Sikuwa nimekagua kwa miaka miwili.

Mdau wa Mumias

Kusali ulisali, alhamdulillahi. Kwa hilo la nyota bado sikubaliani nawe, lakini sina ugomvi.

Mdau wa Dunga

Dada yangu, mimi ni mvuvi wa omena hapo hapo uliposimama. Watu wa mjini hawajui kwamba sisi maisha yetu ni giza la mwezi. Omena wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa yetu haina kazi. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola. Usiku wa mwezi mpevu wengi wetu tunashona nyavu. Siku ile mwezi ulipozimika, vijana wawili wakataka kusukuma mashua haraka haraka wakawashe. Mzee akawaambia dakika 80 hazifikishi mtu popote, wakae watazame. Wakakaa.

Hiyo nyota yako ya peke yake tunaiona. Swali langu: mnaposema mwezi mpya juu ya nyota fulani, ni mwezi upi? Maana mwezi mwandamo sisi tunauona magharibi baada ya magharibi, mwembamba, na nyota niliyoiona karibu nao siyo ile mnayoitaja.

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Kaka, wewe ndiye umeuliza swali la uzi huu. Hapo ndipo Kiswahili chetu na vitabu vya wanajimu vinapopishana.

Sisi tukisema mwezi umeandama, tunamaanisha umeonekana. Wanajimu wakisema mwezi mpya wanamaanisha dakika ile jua na mwezi vinapokutana, mwezi uko gizani, hauonekani na mtu. Kati ya hiyo dakika na hilali unayoiona kuna siku moja hivi au zaidi, na mwezi hutembea digrii 13 hivi kwa siku. Chukua 30 Mei 2022. Mwezi ulizaliwa digrii 9 za Mapacha, Aldebaran iko 10, kwa hiyo maandishi yote yalisema mwezi wa Aldebaran. Lakini hadi mtu anauona mwandamo, mwezi ulikuwa umeshaiacha Aldebaran nyuma kabisa.

Na jambo ambalo wengi hawalisemi: mwezi ukizaliwa juu ya nyota, nyota hiyo huwezi kuiona. Jua lipo pale pale. Nyota imezama, wiki kadhaa. Kwa hiyo maana mnayopewa ni ya nyota iliyofichika. Nafasi pekee ya kuiona karibu na jua ni jua linapopatwa kabisa. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa likiwa kwenye uso wa Ng'ombe, kati ya nyota za Hyades, chini ya digrii 2 kutoka Aldebaran kwa jedwali. Arthur Eddington alikuwa kisiwani Principe, Afrika Magharibi, akapiga picha nyota zile pembeni ya jua lililofunikwa, na picha hizo zikaonyesha nuru ya nyota hupinda ikipita karibu na jua, kama Albert Einstein alivyosema. Aldebaran, nyota ambayo wanajimu huipa ukweli na uadilifu. Mimi hilo hunisisimua kila nikilikumbuka.

Mdau wa Kakamega

Maswali mawili haraka. Moja, mbona Stellarium inasema mwezi ule ulikuwa kwenye Ndoo, nawe unasema Samaki? Pili, ule wa 21 Agosti 2017, jua lilipatwa karibu kabisa na Regulus, nyota ya wafalme. Siku 11 baadaye, 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa rais. Hapo huoni kitu?

Mwanzisha uzi (Kisumu)

La kwanza: Stellarium inakuonyesha makundi ya nyota yalivyo angani. Wanajimu wengi wanahesabu buruji za digrii 30 kuanzia mahali jua linapovuka ikweta mwezi wa Machi, na mahali hapo pamekuwa pakirudi nyuma polepole kwa karne nyingi. Hivyo viwili vimeachana. Ndiyo maana Regulus, moyo wa Simba, tangu takribani 2012 inahesabiwa kwenye Mashuke, baada ya kukaa Simba zaidi ya miaka 2,000.

La pili nalijua, tulikuwa Kondele wote tukishangilia au tukiogopa. Jua lilikuwa digrii 1 hivi kutoka Regulus, hilo halina ubishi. Lakini jua lile lilipatwa Marekani, sisi ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Ptolemy wa Aleksandria, karne ya 2, alitilia mkazo kupatwa kunakoonekana mahali ulipo. Alifundisha pia kwamba saa za kupatwa kwa jua hugeuka miaka ya athari, na saa za mwezi hugeuka miezi. Kwa kanuni hiyo ule wa Septemba 2025, uliochukua saa 3 na nusu kivulini, ulikwenda miezi mitatu na nusu, hadi karibu na Krismasi. Na 2017 kwetu haukuwa na saa hata moja. Aliyesema kabla ya 1 Septemba namheshimu. Waliosema tarehe 2 siwahesabu.

Kama unataka kupatwa kwa jua kwa kwetu hasa, chukua 3 Novemba 2013, Jumapili alasiri. Turkana lilifunikwa lote, Kisumu sehemu kubwa. Nilikuwa na miwani ya karatasi, naipokezana na watoto wa jirani, na vivuli vya majani ya mwembe vikawa hilali ndogo ndogo kwenye udongo, mamia. Kwa jedwali jua lilikuwa digrii 11 za Nge, na Acrux, nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini, iko 12. Wakaandika Acrux: ibada na mambo ya siri. Lakini hapa kwetu Acrux ilikuwa imetangulia jua kwa saa mbili. Iliyokuwa ikizama pamoja na jua jioni ile, kwa tofauti ya dakika tano hivi, ni Alpha Centauri, mguu wa Kantauri, nyota ya marafiki na heshima. Msalaba na Kantauri ni majirani, lakini maana zake ni mbili tofauti kabisa, na kosa linatokana na kusoma karatasi.

Mdau wa Nakuru

Nimeweka Stellarium. Nimeiona Algol kweli iko mbali. Nimelia kidogo. Inayofuata ni lini?

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Ijumaa, 28 Agosti 2026, alfajiri. Mwezi utaanza kuliwa saa kumi na moja na dakika 34, na utazama upande wa magharibi jua likichomoza, ukiwa umeliwa zaidi ya nusu. Kwa jedwali mwezi utakuwa karibu digrii 5 za Samaki, chini ya digrii 1 kutoka Fomalhaut. Mtasoma sana kuihusu. Lakini kwetu Fomalhaut huchomoza na kuzama nusu saa baada ya mwezi ule. Ni kinyume kabisa cha ule wa 2025: jedwali linasema wako pamoja, anga linasema mmoja ametangulia. Mimi nitausoma kama wito uliofika ukiwa umechelewa. Anayesoma kwa digrii asome yake, tulinganishe baada ya miezi.

Tazama magharibi, Fomalhaut itakuwa mkono wako wa kushoto, juu kidogo ya mwezi. Menengai pale juu patakufaa, ila usiende peke yako.

Mdau wa Dunga

Alfajiri hiyo mwezi ni mpevu, tutakuwa nchi kavu. Njooni, chai ipo.

Mdau wa Kakamega

Je, ipo nyota ambayo jedwali na anga la kwetu vinakubaliana?

Mwanzisha uzi (Kisumu)

Ipo, na ni yetu kabisa, kishada cha nyota ambacho wengine hukiita Pleiades. Kilimia.

Babu yangu alikuja Kisumu kutoka Pwani kwa kazi ya reli, akakaa Kaloleni hadi mwisho wake. Nikiwa mdogo alikuwa akiniamsha Juni kabla ya adhana, ananishika kichwa kwa mikono miwili ananigeuza mashariki, nione kile kishada kidogo kimezuka. "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Mei kinazama ndani ya jua, hakionekani wiki kadhaa, Juni kinazuka alfajiri. Watu wa Pwani walilima kwa hicho, jina lenyewe linasema. Babu aliniambia huku ziwani mvua ina njia zake, nisiifunge kwa methali ya baharini, lakini kukitazama nisiache.

Wanajimu wa nje hukipa kilio na macho. Mimi nakipa kazi: kilichofukiwa na kitakachoota.

Tarehe 20 Mei 2012 jua lilipatwa juu ya Kilimia kabisa, lakini ilikuwa mbali, Japani na Marekani. Jua na mwezi hurudi karibu pale pale baada ya miaka 19. Jumatano, 21 Mei 2031, asubuhi, jua litapatwa tena juu ya Kilimia. Kwa digrii, tofauti ni chini ya nusu digrii. Kwa kuchomoza hapa Kisumu, dakika mbili tatu. Safari hii njia yake inapita Afrika, na Tanzania wataona pete ya moto. Sisi tutaona jua limemegwa, na Kilimia kitakuwa humo humo kimezama.

Nitakuwa na miaka 61. Ile miwani ya 2013 bado ninayo, lakini karatasi yake imechubuka na kupitisha mwanga, kwa hiyo sitaivaa tena. Nitanunua mpya mbili, moja ya mjukuu.